Mshipi mwembamba haufai kwenye matete

Panda basi lolote la alfajiri ya Jumamosi litokalo Dar es Salaam kuelekea Kibaha na Mlandizi, na huenda ukamwona abiria mwenye mfuko mrefu mwembamba katikati ya magoti yake. Ndani ya mfuko ule mna fimbo ya kuvulia. Wengine hushika njia ya Kisarawe na kutafuta madimbwi ya mabondeni. Ni makarani, mafundi, walimu na wastaafu, watu ambao juma zima wamebanwa na mji na sasa wanataka kukaa kimya kando ya maji, na Mungu akijalia, warudi nyumbani na kambale wa mchuzi.

Leo nina neno nao, nalo ni la vifaa. Fimbo na mishipi mingi inayouzwa mjini imetengenezwa kwa ajili ya maji ya wazi, yaani bahari, ziwa au bwawa lililosafishwa. Maji ya Kibaha na Kisarawe si ya namna hiyo. Yana matete, mafunjo, yungiyungi, nyasi zilizofunikwa na mafuriko na magugu yanayoelea. Humo kifaa kisichofaa hakikunyimi samaki tu. Kinaweza kukuingiza majini, na maji ya Ruvu si ya kuingia.

Nasema haya kwa kuwa nusura yanipate. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua fimbo ndefu, laini, ya kupendeza, pamoja na mshipi wa nailoni ulioandikwa 12. Mwenye duka alinihakikishia kwamba huo unabeba kilo 12. Nikaenda nao hadi kwenye dimbwi moja lililoachwa na mafuriko ya Ruvu, ng'ambo ya Mlandizi. Sikukaa nusu saa, kambale akashika. Fimbo ikapinda kama upinde wa mganga, nami moyoni nikashangilia. Kumbe ule upindo niliokuwa nikiushangilia ndio uliokuwa ukimpa samaki nafasi. Akageuka, akaingia kwenye matete, akazunguka mashina mawili matatu, na mshipi ukasimama kama umefungwa kwenye nguzo.

Nikavua viatu. Nikakunja suruali. Palikuwa na kijana wa pale aliyekuwa akivua kwa mwanzi, hatua kama 20 kutoka niliposimama. Akaniita: "Shikamoo mzee. Hapo usiingie. Kata tu huo mshipi, hapo pana mwenyewe." Sikumwelewa mara moja. Akanyoosha kidole kwenye tope la ukingoni, penye alama pana, laini, kama gunia lililoburutwa. Nikavaa viatu vyangu na kukata mshipi.

Mamba wapo Ruvu, na viboko pia wapo. Mto ule huanzia milima ya Uluguru, ukashuka tambarare za Pwani na kumwaga maji yake Bahari ya Hindi karibu na Bagamoyo. Kila masika, kati ya Machi na Mei, hufurika na kuacha madimbwi pembeni. Mto ukijaa hauleti maji na samaki peke yake. Na hata dimbwi lisilo na mnyama mkali laweza kuwa na konokono wanaobeba kichocho, ugonjwa unaopita kwenye ngozi ya mtu asiyejua kwamba amepatwa. Kwa hiyo kanuni yangu ya kwanza kuhusu vifaa haihusu ukubwa wa samaki. Nunua kifaa kitakachokuwezesha kubaki nchi kavu tangu mwanzo hadi mwisho.

Tuangalie kinachotokea ndani ya majani. Kambale ana ndevu nane na pua kali, naye hutafuta chakula kwa kunusa na kupapasa, zaidi nyakati za usiku na maji yakichafuka. Ana kiungo cha ziada juu ya matamvua yake kinachomwezesha kuvuta hewa ya kawaida, ndiyo maana huishi kwenye dimbwi lililooza ambamo samaki wengine wamekwisha kufa. Majani ni nyumba yake na ngome yake. Akihisi ndoano, hakimbilii maji ya wazi ili mshindane kwa haki. Anarudi kwenye mashina. Akipata nusu mita tu ya mshipi uliolegea, ameshazunguka shina la kwanza. Tangu hapo huvuti kambale tena, unavuta kambale pamoja na shamba.

Hapo ndipo hesabu ya wengi inapokosea. Husema, "Mimi navua samaki wa kilo mbili, mshipi wa kilo tano unatosha sana." Kwenye maji ya wazi ni kweli, kwani samaki majini ana uzito mdogo mno na fimbo laini humchosha polepole. Kwenye majani huna nafasi ya polepole. Unatakiwa umgeuze kichwa mara tu anaposhika, na umlete juu pamoja na fungu la majani mabichi yaliyolowa, ambayo yaweza kumzidi uzito mara kadhaa. Mshipi unabeba mzigo huo wote.

Nirudi kwenye ile 12 yangu. Haikuwa kilo. Ilikuwa ratili, kwani mishipi mingi iletwayo kutoka nje huandikwa kwa ratili za Kiingereza, na kilo moja ni ratili 2.2. Mshipi wangu wa "kilo 12" ulikuwa wa kilo tano na nusu hivi. Sidhani kama yule mwenye duka alikusudia kunidanganya. Naye alisoma namba akaongezea alichozoea. Soma kijikaratasi chenyewe. Ukiona herufi lb, gawa kwa 2.2.

Sasa mishipi yenyewe. Ipo ya aina mbili inayotuhusu. Wa kwanza ni nailoni ya uzi mmoja, ile inayong'aa kama kioo, ambayo wavuvi wetu wameizoea kwa miongo mingi. Nailoni ilitangazwa Marekani na kampuni ya Du Pont mwaka 1938, na haikuchukua muda kuzisukuma kando nyuzi za hariri na za pamba. Uzuri wake ni bei, na uso wake mlaini unaostahimili kusuguliwa na mawe au nguzo za daraja. Ubaya wake kwenye majani ni kwamba inanyumbuka. Nailoni ya kawaida huweza kurefuka zaidi ya sehemu moja ya kumi kabla ya kukatika. Ukiwa umetupa mita 20, unaweza kuvuta kwa nguvu zako zote na samaki akabaki na mita mbili za kuchezea. Nusu mita, kumbuka, ilimtosha.

Wa pili ni mshipi wa kusuka, uliosukwa kwa nyuzi nyembamba sana za plastiki ngumu ya jamii ya polithini. Huu ulianza kuenea kwa wavuvi wa fimbo mwanzoni mwa miaka ya 1990. Haunyumbuki, au unanyumbuka kidogo mno usione. Ni mwembamba: wenye uwezo wa kilo 15 una unene wa karibu nusu ya nailoni ya uwezo huo huo, ambayo hufikia nusu milimita hivi. Unaelea, kwa hiyo hupita juu ya majani ya yungiyungi badala ya kuzama katikati ya vikonyo vyake. Na jambo lililonishangaza nilipoujaribu, ukivutwa kwa nguvu hukata mashina laini kama msumeno. Samaki aliyejizungushia nyasi unaweza kumpata na nyasi zimekatwa.

Kwa kambale wa kwenye matete ya Ruvu, basi, ushauri wangu ni mshipi wa kusuka wa ratili 50 mpaka 65, yaani kilo 23 hadi 29. Wako watakaocheka na kusema huo ni wa kuvulia papa. Wacheke. Maji ya Ruvu wakati wa mvua ni rangi ya chai ya maziwa, na kambale hatafuti chakula kwa macho. Ule usemi kwamba mshipi mnene unamtisha samaki una ukweli kwenye maji maangavu, ila kwenye matope hauna maana yoyote.

Mshipi huo una hila zake. Ni mlaini mno, hivyo fundo la kawaida huteleza na kuachia. Fundo linaloshika ni rahisi: kunja mshipi uwe mara mbili, pitisha kitanzi kwenye tundu la ndoano, funga fundo moja la kawaida bila kulikaza, kisha ivushe ndoano yenyewe ndani ya kile kitanzi na ndipo ukaze. Lilowanishe kwa mate kabla ya kukaza, kwa sababu msuguano huleta joto na joto huunguza nyuzi. Tena, ukiufunga mshipi huu moja kwa moja kwenye rili, kile kigurudumu cha kuzungushia, utazunguka bure. Anza na mizunguko michache ya nailoni. Na usiuzungushe mkononi hata siku moja. Kinachokata nyasi hukata na vidole.

Asiye na uwezo wa kununua wa kusuka asikate tamaa. Nailoni nene ya nusu milimita au zaidi itamfaa, mradi avue karibu. Kunyumbuka kunategemea urefu: mita tatu za nailoni nene hazitakupotezea kitu cha kulilia. Iangalie tu isiwe ile iliyoning'inizwa mlangoni mwa duka miezi sita, kwani jua huila nailoni na kuidhoofisha ingawa macho hayaoni. Pitisha mita chache katikati ya vidole; ukihisi mikwaruzo, rudisha. Ukifika nyumbani, fanya jaribio ambalo halihitaji mizani. Lita moja ya maji ni kilo moja. Tia lita 10 kwenye ndoo, funga mshipi kwenye mpini, halafu inua taratibu. Mshipi unaoshindwa na ndoo nyumbani hautaweza matete.

Tuje kwenye fimbo. Hapa nimpe heshima yake yule kijana wa mwanzi, maana baadaye nilikaa naye na kutazama kazi yake. Mwanzi wake ulikuwa wa futi 10 au 12, umekaushwa kivulini, mgumu mpaka karibu na ncha. Mshipi aliufunga kwanza chini, karibu na mshiko, akauzungusha kuufuata mwanzi wote na kuufunga tena nchani. "Ncha ikivunjika," alisema, "samaki bado ninaye." Hakutupa mbali. Alitafuta tundu kati ya majani, dogo kama sinia, akashusha chambo wima na kungoja. Samaki alipogusa, aliinua juu. Hakuvuta kwake, aliinua. Kambale akatoka majini kabla hajajua shina liko wapi.

Katika kitendo kile kimoja mna somo zima la uvuvi wa majani. Ukivuta kwa ubavu, kila shina kati yako na samaki ni adui. Ukiinua wima, karibu hakuna shina njiani. Ndiyo maana mwanzi wa shilingi chache uliishinda fimbo yangu ya dukani mbele ya macho yangu.

Hata hivyo mwanzi una mpaka wake. Matundu mengine yako mbali na ukingo, na kama nilivyosema, hatuingii. Hapo ndipo fimbo ya dukani yenye rili inapofaa, ila iwe fupi na ngumu: futi sita na nusu au saba, mgongo mnene, ipinde nchani tu. Fimbo ndefu sana na laini humpa samaki nguvu ya wenzo juu ya mkono wako. Dukani iweke ncha yake chini ya meza, inua kidogo, utazame. Ikipinda kuanzia katikati hadi mshikoni, mwachie mwenye kuvua kwenye maji ya wazi. Breki ya rili nayo ikaze karibu yote. Breki iliyolegezwa ni ya ziwani. Kwenye matete ni kumfungulia mlango mfungwa.

Vijitabu vinavyokuja na fimbo hizi mara nyingi humzungumzia samaki aitwaye bass, nasi hubaki tukijiuliza ni nani huyo. Ni samaki wa Marekani mwenye mdomo mpana, mla nyama. Afrika Mashariki anajulikana zaidi Ziwa Naivasha nchini Kenya, ambako alipandikizwa miaka ya 1920 kwa ajili ya wavuvi wa burudani, naye akafanya makao yake kandokando ya mafunjo. Yeye hujificha ukingoni mwa majani na kurukia chochote kinachopita, kisha hurudi ndani mbio. Kwa hiyo anayoyasema Mmarekani juu ya fimbo ngumu na mshipi wa ratili 50 kwa bass wa kwenye magugu, sisi tunaweza kuyachukua yote kwa kambale, maana njia yao ya kutoroka ni ile ile. Anayoyasema juu ya chambo, tuyaache. Bass hudanganywa na chura wa mpira anayeburutwa juu ya majani. Kambale hana haja na mpira. Mpe nyungunyungu, utumbo wa kuku au kipande cha samaki kilichoanza kunuka.

Ugumu wote huo una mtu mmoja usiomfaa, naye ni mvua perege. Perege ana midomo laini na tundu dogo la mdomo. Ukimwinua kwa fimbo ya kambale na mshipi usionyumbuka, utabaki na midomo tu kwenye ndoano. Kwenye madimbwi madogo ya mabonde ya Kisarawe, ambayo kiangazi maji yake hutulia na kuwa maangavu, na majani yake mengi ni yungiyungi wala si matete, chukua mwanzi mwembamba, nailoni ya kilo mbili tatu, na ndoano ndogo. Kwa ndoano hizi ndogo namba hukua kadiri ndoano inavyopungua, kwa hiyo namba 10 ni ndogo kuliko namba 6. Usiulize kwa nini, ndivyo walivyopanga. Kwa kambale namba hufuatwa na sifuri, kama 3/0 au 4/0, na hapo huenda kinyume, 4/0 ni kubwa zaidi. Chagua zenye waya mnene. Mshipi wa kilo 25 hunyoosha ndoano nyembamba ikawa sindano.

Na itanasa tu. Hata uwe fundi namna gani, siku moja ndoano itakamata gogo. Usiivute kwa fimbo iliyopinda, utaivunja. Elekeza ncha moja kwa moja palipo na mnaso, zungusha mshipi kwenye kijiti kigumu, geuza uso pembeni kwa sababu chubwi hurudi kama jiwe la manati, kisha rudi nyuma hatua kwa hatua. Ama itatoka, ama fundo litakatika. Ikishindikana, kata. Ndoano ni bei ya soda.

Kipande kitakachobaki mkononi usikitupe. Nailoni na mshipi wa kusuka haviozi kama kamba ya katani. Hubaki kwenye matete miaka mingi, na ndege wa majini hujifunga miguu humo wakafa wakining'inia. Nimewahi kumwona kulastara wa namna hiyo, sikupenda.

Yako mawili ya mwisho ya kukumbuka kabla ya safari. Fimbo nyingi za kisasa zimetengenezwa kwa kaboni, na kaboni hupitisha umeme. Usiinue fimbo chini ya nyaya za umeme, na ikianza kunguruma iteremshe uiweke chini. La pili ni kibali. Sheria ya Uvuvi namba 22 ya mwaka 2003 inakataza sumu na baruti kwa kila mtu, na juu ya leseni ya mshipi wako pita ofisi ya uvuvi ya wilaya uulize. Ukitaka kutupa mshipi ndani ya msitu wa hifadhi wa Pugu na Kazimzumbwi, Kisarawe, waone kwanza watu wa Wakala wa Huduma za Misitu.

Ile fimbo yangu laini ningali nayo. Naipeleka Kisarawe kwa perege. Ruvu nakwenda na mwanzi wa futi 11 niliouziwa na yule kijana, na kondakta wa basi hunitoza nauli yake kama abiria kamili.